Sura ya Pelagia Kwenye Chupa ya Lodzia

Mpaka leo ukifika kwa Leokadia ukamtaja marehemu mama mkwe wake na nalewka katika pumzi moja, chai hutaiona. Mimi ni jirani yake. Kati yetu kuna uzio wa waya na mpeasi mmoja unaoangusha matunda yake upande wangu. Nilikuwepo jambo hili lilipoanza na nilikuwepo lilipochacha, kwa hiyo nitalisimulia kama lilivyokuwa. Nikionekana nampendelea mtu, nampendelea yeye, wala sioni aibu.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, kwenye ukumbi wa zimamoto wa kijiji chetu. Kila mwaka kikundi cha akina mama huandaa mashindano pale: keki, soseji, kabichi chachu, na hiyo nalewka, pombe ya matunda ambayo kila nyumba huku kwetu huiloweka kwa namna yake na kuinywa baridi inapokaza. Lodzia, ndivyo tunavyomwita Leokadia, alikuja na sahani ya keki ya asali. Nalewka hakuleta. Hajawahi kuishindanisha. Yake ilikuwa ya kugawa tu: chupa kwa padri, chupa kwa daktari wa meno, chupa kwangu, na chupa za kutosha kwa wifi yake Bogumiła, dada wa mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye mwenye funguo za kila mlango wa ukumbi ule.

Tukaingia, tukakung'uta theluji viatuni, na pale kwenye meza ya mbele tukaziona. Chupa zimefungwa utepe mwekundu shingoni, zimebandikwa lebo nzuri kama kadi ya harusi, na kwenye lebo picha ya marehemu Pelagia akiwa amejifunga kitambaa kichwani, anatabasamu. Miaka yote niliyoishi jirani naye sikuwahi kumwona Pelagia akitabasamu hivyo. Nadhani jua lilikuwa limempiga machoni. Chini ya picha kulikuwa na maandishi: Nalewka ya Matufaha ya Mama Pelagia.

Mbele ya meza alisimama msichana wa televisheni ya mkoa na kipaza sauti chake, na Bogumiła alikuwa anamwaga maneno.

"Marehemu mama alinifundisha mwenyewe," alikuwa anasema, mkono kifuani. "Nilikuwa mdogo, napanda juu ya kigoda ili nifikie jiko. Na siku aliyokufa alinishika mkono hivi, akaniambia, Bogumiła mwanangu, mdalasini usiusahau."

Nikamtazama Lodzia. Wekundu ulianzia shingoni, ukapanda masikioni. Akaiweka sahani ya keki mezani polepole sana, na hapo ndipo mimi nilipoogopa, kwa maana Lodzia ni mtu wa kutupa vitu. Akiweka kitu polepole, ujue kuna kubwa linakuja.

"Stefa," akaniambia, "macho yangu siku hizi si mazuri. Yule kwenye chupa ni nani?"

"Mama mkwe wako."

"Na ndani ya chupa?"

Sikuhitaji kuonja. Rangi ile ya kahawia yenye wekundu kwa mbali hakuna mwingine anayeipata kijijini kwetu. "Ndani ni wewe," nikasema.

Waamuzi wakanywa, wakalamba midomo, wakampa Bogumiła kikombe cha ushindi kinachong'aa kama kengele. Ukumbi ukapiga makofi. Zenon, mume wa Lodzia, alikuwa amesimama na wazimamoto wenzake karibu na jiko la kuni, na yeye akapiga makofi. Nilimwona. Lodzia alimwona pia.

Ili uelewe kwa nini makofi yale yalimchoma, lazima nirudi nyuma kidogo.

Lodzia si wa huku. Alizaliwa mashariki, kule karibu na mto wa mpakani, nyumba ya wasichana watupu, akaletwa hapa na Zenon akiwa bibi harusi mwenye godoro lake la manyoya na masanduku mawili. Pelagia alimpokea uani, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama kama anayenunua farasi. "Midogo," akasema. "Itafaa kuchambulia matufaha." Basi msichana wa watu akapelekwa ghala baridi la ushirika, akasimama pale kuanzia mavuno mpaka majani yanapochipua, glavu zimekatwa vidole, anatenga mazuri na mabovu. Jikoni haruhusiwi kugusa sufuria. Kitanda chake kilitenganishwa na cha mama mkwe kwa ukuta wa mbao, na Pelagia alikuwa na kikohozi cha kujua mambo.

Ushirika uliwaacha wafanyakazi wabebe matufaha yenye madoa. Wengine walikuwa wanawapa nguruwe. Lodzia aliyaonea huruma. Akapata mtungi wa kioo, akanunua spiriti kwa hela aliyotumiwa na dada zake, akakata matufaha na kuyaloweka na vijiti vya mdalasini, karafuu na kipande cha tangawizi, akauficha mtungi zizini nyuma ya magunia ya pumba. Alitaka iwe tayari Krismasi ya kwanza ya ndoa yake. Alitaka awe na kitu chake cha kuweka mezani.

Pelagia aliuona. Nitamtendea haki marehemu: alikuwa na sababu ya kuchukia pombe. Mumewe aliganda kwa baridi mtaroni akitoka kulewa, na yeye ndiye aliyemkuta asubuhi. Hilo silimlaumu. Lakini angeweza kumwita mkwe wake ndani wakayamaliza. Yeye alingoja Jumamosi, siku ambayo bustani ilijaa watu wa kupogoa, akaubeba ule mtungi mpaka kwenye lundo la samadi, akaumwaga mbele ya wote, kisha akasema kwa sauti, "Huko mashariki mnazaliwa mmelewa tayari!" Watu wakacheka. Zenon alikuwa hapo na msumeno mkononi, akaanza kukagua meno ya msumeno.

Wiki iliyofuata Lodzia alipita pengo la uzio na mtungi mwingine chini ya koti. "Una stoo?" akaniuliza. Tulikuwa hatujazoeana hata. Nikamwambia ninayo. Miaka yote baada ya hapo nalewka ile ilikomaa kwangu, kati ya mitungi yangu ya matango ya siki, na nimeiona ikijifunza pamoja na mwenyewe. Mwaka mmoja ilitoka na ukungu kama maji ya kufulia. Mwaka mwingine alizidisha karafuu, tukawa tunakunywa na kujisikia kama tuko kwa daktari wa meno. Sukari ya kuunguza, hiyo inayoipa rangi yake, ilitokana na ugomvi. Alikuwa anachemsha sukari jikoni kwangu huku akinieleza tusi jipya la Pelagia, akasahau kukoroga, sukari ikaungua ikawa kahawia. Nikasema tuimwage. "Hakimwagwi kitu," akajibu, na akaitia mtungini kwa hasira, ikachemka na kutoa moshi. Krismasi ile tulipoonja tulitazamana tu.

Halafu Pelagia akapooza upande mmoja. Nani alimgeuza kitandani? Nani alimwosha, akamlisha supu kwa kijiko, akamfulia mashuka wakati maji ya bomba yameganda? Lodzia. Bogumiła alikuja Jumapili baada ya Jumapili na machungwa, akaketi ukingoni mwa kiti na koti lake mwilini, akalalamika kwamba chumbani kunanuka, akaondoka. Na Pelagia mpaka anazikwa hakuonja hata tone. Hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza.

Baada ya mazishi ndipo mtungi uliporudi nyumbani kwake, mchana kweupe, na siku ya pili ya Krismasi ikawa siku ya ukoo mzima kukutana mezani kwa Lodzia.

Sasa turudi ukumbini. Makofi yalipoisha, Lodzia alimfuata wifi yake jikoni, kule nyuma wanakooshea vyombo. Nami nikafuata. Na wanawake wengine watatu wanne wakakumbuka ghafla kwamba wana vyombo vya kuosha.

"Wifi!" Bogumiła akamwona. "Umeona? Tumeshinda!"

"Tumeshinda akina nani?"

"Si sisi? Ukoo."

"Bogumiła, ile nilikupa unywe na mumeo. Sikukupa uivalishe sura ya mtu."

"Mh! Sasa hasira za nini? Ungetaka kushindana si ungeileta mwenyewe? Umeifungia stoo miaka nenda rudi kama mali ya wizi. Mimi nimeitoa watu waijue."

"Watu wamjue nani? Mama yako aliimwaga. Kwenye samadi. Kwa mkono huohuo uliosema ulikushika."

"Usimtukane marehemu!"

"Simtukani. Nasimulia."

"Hadithi hiyo mimi sijawahi kuisikia. Hebu tumalize. Zenon! We Zenon, njoo hapa!"

Zenon akatokea mlangoni na sahani ya karatasi yenye soseji. Ni mtu mpole, mrefu, anayeinamisha kichwa hata pasipo na mlango mfupi.

"Kaka yangu," Bogumiła akasema, "mama aliwahi kumwaga pombe ya mkeo?"

Zenon akaitazama soseji. Akamtazama dada yake, kisha mkewe. "Zamani sana hayo," akasema. "Mimi sikumbuki."

"Haya! Umesikia mwenyewe? Mwanawe wa kumzaa hakumbuki."

 Lodzia alivaa koti, akavaa kofia, akatoka. Alitembea mpaka nyumbani katikati ya barabara, magari yanamkwepa. Sahani yake ya keki niliibeba mimi.

Siku zilizofuata aliendelea kupika na kufua kama kawaida, na Zenon alikuwa anapata chakula chake kwa wakati, ila kila sahani ilikuwa inatua mezani kwa kishindo. Alikuja uzioni kunieleza akiwa na koleo la theluji mkononi, na kila sentensi alilichoma ardhini.

"Bogumiła ni mwizi. Sawa. Mwizi unamfahamu, unamfungia mlango, yamekwisha. Lakini huyu! Huyu nalala naye! Aliona kwa macho yake! Ati hakumbuki. Anakumbuka bei ya trekta la babake, anakumbuka mechi za mpira zilizochezwa kabla hajaota ndevu, mimi ndiye asiyenikumbuka?"

Nikafanya kosa la kumtuliza. "Lodzia, acha kwanza sikukuu ipite."

"Na wewe pia, Stefa? Yote yaliyonikuta nyumba hii niliambiwa niache yapite. Nimeyapisha mpaka nimekuwa njia!"

Sikumtuliza tena.

Mkesha wa Krismasi kwetu pombe haiguswi, kwa hiyo ulipita kavu. Walivunja ule mkate mwembamba wa baraka kama desturi inavyotaka, kila mmoja akimtakia mwenzake heri. Lodzia alimtakia mumewe macho mazuri na kumbukumbu. Zenon akasema asante.

Siku ya pili wageni wakaja. Alikuja Bogumiła na mumewe Wiesław, mtu mnene mwenye kicheko cha kitumboni. Alikuja binti yao na mkwe wao. Alikuja bibi Apolonia, dada wa marehemu Pelagia, mkongwe aliyekuwa amebaki na meno machache lakini hamu yake yote. Nami nilialikwa, maana huwa naalikwa. Meza ilikuwa imejaa mpaka kitambaa hakionekani: samaki wa chumvi kwa vitunguu, kabichi chachu na nyama ya kukausha kwa moshi, bata mzinga mwenye matufaha tumboni, keki ya mbegu nyeusi. Lodzia alikuwa amevaa gauni lake la bluu na aproni juu yake, anapakua, hatabasamu.

Glasi ndogo zilikuwepo. Chupa haikuwepo.

Watu wakala, wakaanza kutazama kabati. Mwishowe Wiesław akashindwa kuvumilia.

"Shemeji," akasema, anajipapasa koo, "huku kumekauka. Yule mama Pelagia yuko wapi leo?" Akacheka.

"Yuko makaburini," Lodzia akajibu, "ukiingia getini unakunja kushoto. Nenda ukamwombe. Kama pombe ni yake atakupa."

Kicheko kikakatika. Mkwe wa Bogumiła akainamia kabichi yake.

"Mnaona?" Bogumiła akasema, anafungua mkoba. "Nilijua atanuna. Nimekuja na yangu." Akaitoa chupa, utepe mwekundu na yote, akaitua katikati ya meza, Pelagia akitutabasamia wote. Akamimina kuzunguka meza nzima. Glasi yangu niliifunika kwa kiganja. Kisha akasimama. "Kwa mama," akasema, na sauti ikamtetemeka vizuri kabisa. "Aliyetuachia utamu huu."

Wakainua glasi. Zenon naye akainua yake.

"Zenon," Lodzia akasema.

Mkono wa Zenon ukabaki hewani.

"Kabla hujanywa, waambie imetengenezwa na nani. Halafu waambie mama yako aliufanya nini mtungi wangu wa kwanza. Si mengi. Hayo mawili tu."

"Lodzia, watu wanakula."

"Wanakula chakula changu. Sema."

 Zenon alishusha glasi bila kunywa. Akawatazama samaki. Midomo ilijaribu kitu, ikaacha.

Basi Lodzia akafungua aproni yake mgongoni. Akaivua, akaitupia juu ya ile chupa, Pelagia akafunikwa kichwa mpaka miguu, halafu akatoka nje na viatu vyake vya ndani kwenye theluji.

Nilimkuta jikoni kwangu. Alikuwa ameshakamata sufuria langu kubwa, lile lililoungua mwaka ule nilipochemsha jamu, na anasugua kwa waya kama anataka kulitoboa.

"Kaa chini," nikamwambia, "miguu imelowa."

"Sikai!"

"Basi vua viatu."

Akavua, akaendelea kusugua akiwa na soksi. "Wote wale nimewalisha," akasema. "Hakuna hata mmoja anayejua chumvi inakaa wapi kwenye nyumba ile. Waitafute! Wamlambe mama Pelagia wao!" Nilikuwa nataka kucheka na nilikuwa nataka kulia, na nilijua nikifanya lolote kati ya hayo lile sufuria litanijia.

Ndipo nikamwona Zenon dirishani. Alikuwa anavuka kutoka kwao, kichwa wazi, theluji inamwangukia kwenye upara. Hakupita barabarani, alipita pengo lilelile la uzio ambalo mkewe alipita zamani na mtungi wake, na suruali ikamnasa kwenye waya.

"Stefa, yupo?"

"Yupo. Ila ana waya mkononi."

Akaingia, akasimama karibu na mlango. Lodzia hakugeuka.

"Nakumbuka," Zenon akasema.

Waya ukaendelea kukwaruza.

"Ilikuwa Jumamosi, tunapogoa. Mama aliubeba kwa mikono miwili. Matufaha yaliteleza yakashuka kwenye samadi, bado yanatoa mvuke... hapana, samadi ndiyo ilikuwa inatoa mvuke. Na wewe ukaenda ukapiga magoti ukaanza kuyaokota. Watu wakacheka zaidi. Nikaona aibu, nikageuka."

Mimi sikuwepo bustanini siku ile, na hilo la kuokota sikulijua. Lodzia mwenyewe hakuwahi kunieleza. Waya ukanyamaza.

"Nilifikiri nitayaosha," Lodzia akasema bila kugeuka. "Nilifikiri yatafaa tena."

"Najua."

"Hujui kitu! Kwa nini ulisema hukumbuki?"

Zenon akajifuta theluji kwenye upara. Kilichomtoka, nadhani hata yeye kilimshangaza. "Kwa sababu nikikumbuka mbele ya watu, wataniuliza mimi nilifanya nini."

"Na ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

Hapo ndipo alipogeuka. Nilidhani atalainika, mimi nilikuwa nimeshalainika, natafuta leso. Lakini uso wake ulikuwa uleule, mwekundu, mkavu.

"Sasa haya unaniletea mimi ya nini?" akasema. "Mimi nilikuwepo! Mimi ndiye niliyekuwa kwenye samadi! Unakuja kunong'ona jikoni kwa jirani? Ulikana mbele ya watu, kakumbuke mbele ya watu. Wako palepale, wanakula bata mzinga wangu. Nenda!"

Akaenda. Suruali ikanasa tena kwenye waya.

Yaliyotokea kule nimesimuliwa na Wiesław, ambaye hana kifua cha kuweka neno. Anasema Zenon aliingia, hakuketi, akayasema yote kwa mkupuo mmoja, macho kwenye taa ya darini, kama mtoto anayekariri shuleni. Kwamba nalewka ni ya Lodzia tangu tone la kwanza. Kwamba mama aliimwaga na yeye akageuka. Kwamba ukumbini alisema uongo. Bogumiła akalia, akasema kaka yake amekaliwa na mwanamke, akasema wanamchafua marehemu Krismasi. Na hapo bibi Apolonia, ambaye wakati wote huo alikuwa anashughulika na paja la bata mzinga, akafuta mdomo.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo, nilisimama karibu na trekta. Kijiji kizima kinajua. Dada yangu na pombe? Wapi na wapi! Nipe mkate."

Lodzia alipolisikia hilo baadaye, wengine wangefarijika. Yeye ndiyo kwanza akawaka. "Kumbe wote wanajua! Kijiji kizima kinajua, na siku ile ukumbini wote walipiga makofi!" Na alikuwa na haki. Kati ya mikono iliyopiga makofi ukumbini, wa kwangu haukuwemo, lakini mdomo wangu pia ulikuwa umefungwa.

Lakini jioni ile mlango wa kwao ulibamizwa, gari la Wiesław likaondoka, ndipo Lodzia alipovaa viatu vyake akarudi, nami nyuma yake. Alimkuta Zenon amekunja mikono ya shati, anaosha glasi kwenye maji yaliyoosha kwanza sahani za samaki. Akazitoa zote akamwambia aanze upya. Na akamwambia, mimi nikiwa nimesimama hapo na sahani za kukausha, "Usidhani tumemaliza." Zenon akasema hadhani.

Hawakumaliza haraka. Televisheni ya mkoa ilirusha kipindi chake mwezi wa kwanza hata hivyo, na muziki wa filimbi nyuma yake, sura ya Pelagia imejaa kioo kizima, na Bogumiła na kile kigoda chake. Lodzia alitupa kandambili, ikampata msichana wa kipaza sauti, kioo hakikuvunjika. Kikombe Bogumiła hakukirudisha. Kiko kwenye kabati lake, watu wamekiona. Mawifi hao wanakutana kanisani na kupeana mkono wa amani kwa ncha za vidole, kwa sababu padri anawatazama.

Zenon, kila vuli, sasa anayabeba matufaha mwenyewe, anayaosha, anayakata. Anayakata vibaya, anaacha mbegu. Lodzia anamwambia hivyo kila tufaha. Mtu akimkuta dukani akamuuliza habari ya ile nalewka, Zenon anajibu kabla hajaulizwa vizuri, "Ya mke wangu," kwa sauti ya mtu aliyeitwa na polisi.

Na mwaka uliofuata Lodzia aliipeleka ukumbini kwa jina lake. Alibandika karatasi aliyoandika kwa mkono: Leokadia, na jina la kwao mashariki, si la mumewe. Akavaa gauni la bluu. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na Bogumiła alikuwa mlangoni na funguo zake, amekunja midomo. Waamuzi wakanywa, wakanong'onezana, wakaandika.

Akawa wa tatu. Ya kwanza ikawa nalewka ya cheri ya mke wa mwalimu, ya pili ya asali. Wakasema ya Lodzia ni nzuri ila imezidi utamu.

"Utamu!" aliniambia tukirudi, anatembea mbele yangu kwa kasi, theluji inaruka pande zote. "Mwaka jana ilikuwa na sura ya Pelagia ikawa ya kwanza. Mwaka huu imezidi utamu! Pombe ileile, Stefa! Mtungi uleule!"

"Labda mwaka huu waamuzi ni wengine," nikasema.

"Ni walewale! Nimewahesabu!"

Alikasirika mpaka tukafika getini kwake. Halafu akaingia ndani, akatoka na chupa iliyobaki, akanimiminia glasi pale pale kwenye ngazi, akajimiminia na yeye, na Zenon akaja kusimama nyuma yake mlangoni, hajui kama anaruhusiwa.

"Wewe sema," akaniamuru. "Imezidi utamu?"

Nilikunywa. Kwa kweli ilikuwa imezidi kidogo. Nikamwambia.

Hakunisemesha mpaka Pasaka.